Jenereta la kwenda nalo kambini: usinunue namba ya kwenye boksi

Mbukwenyi wasomaji. Mvua zimekata, njia za vumbi zimeanza kupitika, na naona watu wa Dodoma mmeamka maana meseji za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja tu, jenereta la kubeba kwenda nalo porini. Zamani maswali ya jenereta hapa yalikuwa ya mgao wa umeme, siku hizi toka bwawa la Mwalimu Nyerere lianze kuzalisha 2024 watu wanauliza ya starehe, na mi nafurahi. Nimechagua meseji sita. Ya kwanza nitaikalia sana, zingine nitapita chap.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nilinunua Coaster kuukuu nikang'oa viti vyote, ndani nimeweka kitanda, meza, sinki na kifriji cha mlango mmoja, sasa ndio gari letu la kulala mimi, mke wangu na watoto watatu. Tunaanza na Kolo kule Kondoa kuona michoro ya miambani, alafu Mtera kula samaki, na mwezi wa nane tukijaliwa Ruaha. Muuza duka ananiambia nichukue jenereta la KVA 5 "usije ukajuta", mke wangu anasema hilo ni la ukumbi wa harusi. Nawaza pia kufunga AC maana Oktoba ya Dodoma unaijua. Nichukue lipi? *Baba wa watatu, Kisasa.*

JIBU: Mkuu, shemeji yuko sahihi. Sasa nikueleze kwanini ili ukirudi dukani usiyumbishwe.

Chukua karatasi, andika kila kitu kitakachochomekwa na wati zake, zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya kifaa. Mi nimekupigia hesabu ya haraka kwa hiyo Coaster yako: kifriji wati 100, feni mbili 100, taa za LED nne hazifiki 30, simu nne zikichajiwa kwa mpigo 60, laptop 65, na tivi ya inchi 32 kama 50 hivi kama watoto wamekushinda. Jumla haifiki hata 410. Muuza duka anataka akuuzie KVA 5, yaani 5000, ambayo ukizidisha na 0.8 unapata kama wati 4000, yaani mara kumi ya unachotumia. Utakuwa umenunua lori la kubebea debe moja la zabibu.

Ila kuna mtego, na ndio uliowaangusha wengi. Friji lina kompresa, na kompresa ikiamka haili wati 100, inakula mara tatu, nne, zingine hata zaidi kwa sekunde moja mbili kisha inatulia. Ni kama kusukuma gari lililokufa betri, pale mwanzo mnahitajika wanaume wanne, likishaanza kutembea mmoja anatosha. Kwahiyo kwenye hesabu yako ongeza wati 500 za mshtuko wa friji, tumefika 900. Ukisaga juisi wakati huohuo, blenda 400, tumefika 1300. Hapo ndio mwisho wako, kwa masharti kwamba birika la umeme na pasi vinabaki nyumbani. Birika moja linaweza kula wati 2000 peke yake, na chai ya kambini bwana si inachemshwa kwa gesi au kuni jamani.

Sasa soma kibandiko cha jenereta lenyewe. Huwa kuna namba mbili. Kubwa, ile iliyochorwa kwa rangi nyekundu ubavuni, ni ya mwisho kabisa, jenereta linaibeba kwa muda mfupi tu. Ndogo ndio ya kudumu, hiyo ndio yako. Mfano Honda EU22i, jina linakupa wazo la 2200 lakini wati za kudumu ni 1800. Na hapo ni kampuni inayosema ukweli, kuna maboksi yameandikwa 3500 alafu ndani mna 2000 kwa shida.

Alafu jambo ambalo sijawahi kusikia muuza duka analitaja. Hapa Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, Kondoa ndio juu zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, injini inavuta pumzi kidogo, nguvu inapungua, na kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila ukipanda mita 300 unapoteza kama asilimia 3.5. Piga hesabu, hapa mjini tu umeshapoteza asilimia 13. Zile 1800 zako zimebaki 1560 na kitu, na joto la mchana linanyofoa kidogo tena. Kwahiyo jenereta ulilolijaribu Kariakoo likabeba vizuri sio jenereta hilohilo ukifika nalo Kolo. Bahati yako mahitaji yako ni 1300, bado unaingia.

Hapa ndio naingiza yangu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua jenereta dukani Dar, boksi limeandikwa 3000, tukaenda nalo Mtera na washkaji watano na freeza la kuwekea samaki. Taa zikawaka, mziki ukapiga, mi natembea kifua mbele. Freeza likaja kuamka saa mbili usiku, jenereta likakohoa mara moja, kimya, giza. Tukaliwasha tena, likazima tena, usiku mzima tukawa tunachagua samaki au mziki. Asubuhi samaki tulimgawia mwenyeji wetu awape mbwa. Toka siku hiyo namba ya boksi kwangu ni pambo.

Ushauri wangu kwako ni jenereta la inveta lenye wati za kudumu kati ya 1600 na 2000. Kwanini inveta na sio haya ya kawaida ya fremu wazi? Ya kawaida injini lazima izunguke mara 3000 kwa dakika muda wote ili itoe umeme wa hezi 50 (yaani umeme unaopiga mara 50 kwa sekunde, kama wa ukutani), iwe umewasha taa moja au nyumba nzima, kwahiyo hata ukichaji simu tu linanguruma kama mashine ya kusaga na linakunywa wese lilelile karibu. La inveta linatengeneza umeme wake kielektroniki, kwahiyo mzigo ukiwa mdogo injini inashusha mwendo yenyewe. Hayo ya wati 1800 kwa robo mzigo yanakaa kama masaa nane na tenki lisilofika lita nne. Safari ya siku tatu, masaa matano kila jioni, unachoma kama lita saba. Lile la KVA 5 kwa muda huohuo na vitaa vyako hivyohivyo jiandae lita 15 mpaka 20. Na uzito! La inveta ni kilo 21 au 22, unalishika kwa mkono mmoja kama dumu la maji, lile lingine ni kilo 80 na ushee, utalishusha na nani, watoto?

Kelele ndio usiseme. La inveta linacheza kwenye desibeli hamsini na kitu ukisimama mita saba, la fremu wazi linapita sabini, na sikio la binadamu kila desibeli kumi linaona kama kelele imekuwa mara mbili. Ukienda Ruaha watu wamelipa hela wasikie simba usiku, wewe unawasikilizisha pistoni. Ulizia kabisa kwenye kambi mnayolala kama wanaruhusu na mpaka saa ngapi, kabla hamjabeba.

AC hapana. Sio kwamba haiwezekani, AC ya BTU 9000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikishatulia inakula kama wati 800 au 900, lakini ya kawaida ikiamka inataka zaidi ya mara mbili ya hizo, na hapo utalazimika kupanda jenereta kubwa au kununua mawili ya inveta yanayoungana kwa waya wake maalum. Alafu Coaster ni bati na vioo, unapoza nini? Kaa chini ya mgunga, fungua madirisha yote weka nyavu za mbu, washa feni. Dodoma hata Oktoba usiku ukishaingia kaupepo kanakuja, sio Dar hii.

SWALI: Fundi mambo. Kuna jamaa ananiuzia jenereta anasema waya za ndani ni shaba tupu, kaweka sumaku mbele yangu haikunasa, akasema umeona, ingekuwa aluminiamu ingenasa. Bei nzuri. Nichukue? *Kijana wa Majengo.*

JIBU: Mdogo wangu, sumaku hainasi shaba na hainasi aluminiamu vilevile. Nenda jikoni kwa mama yako chukua sufuria la aluminiamu uweke sumaku uone. Huyo jamaa ama hajui au anajua sana.

Kinachofanyika ni kwamba waya wa aluminiamu unapakwa rangi ya shaba, ukiangalia kwa tochi kupitia matundu ya nyuma unaona wekundu unaridhika. Ukikwangua kidogo kwa ncha ya wembe chini unatokea weupe. Ila muuza duka gani atakuacha ukwangue mali yake, na kusema kweli ukikwangua waindingi, hizo waya zilizosukwa ndani, ovyo unaiua, hiyo kazi mwachie fundi wa kusuka mota, anajua akwangue wapi. Aluminiamu yenyewe sio haramu, jenereta linafanya kazi, tatizo linapata moto zaidi kwa mzigo uleule na halidumu, kwahiyo lipie bei ya aluminiamu usilipie ya shaba. Uzito nao unasema kitu, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu, majenereta mawili yanayofanana yaliyoandikwa wati sawa, moja jepesi sana, jiulize.

Kipimo cha kweli ni mzigo. Nenda na pasi ya wati 1000 kwenye mfuko na kamita kadogo kale ka kupimia umeme. Wasiwashe likiwa tupu alafu wakuambie umeona linanguruma, kunguruma hata pikipiki inanguruma. Chomeka pasi, subiri dakika kumi, angalia mita. Ikae kwenye volti 220 mpaka 240, na kama mita yako inasoma hezi iwe karibu na 50. Ikishuka chini ya 207 au ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, shukuru ondoka. Na usimalize bila kunusa, harufu ya vanishi kidogo likiwa jipya ni kawaida, harufu ya kuungua sio kawaida. Kama ni wale wa kukwambia petroli imeisha hatuwezi kuwasha, nunua lita moja sheli uende nayo mwenyewe.

Pia uliza spea. Plagi, chujio la hewa, kamba ya kuvutia, kabureta. Kama hapa Dodoma hazipatikani na lazima ziagizwe, bei nzuri sio nzuri tena.

SWALI: Kaka yangu yuko Houston, Marekani, ananipa ofa ya jenereta anasema huko wanayauza maalum kwa magari ya kulala, limeandikwa kabisa liko tayari kwa RV, na anatuma kontena mwezi ujao. Huku nina trela la kulala nalivuta na Prado. Je nimruhusu? *Mama wa trela, Ihumwa.*

JIBU: Dada, mshukuru kaka kwa moyo wake kisha umwombe kitu kingine. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, wetu ni 230 na hezi 50. Yale maneno "tayari kwa RV" maana yake jenereta lina tundu moja la duara lenye matundu matatu, la ampea 30, linalolingana na waya wa magari yao ya kulala, ambalo kwa volti zao 120 linatoa mpaka wati 3600. Kule wanahitaji hivyo kwa sababu magari yao juu ya paa wana AC ya BTU 13,500, kwahiyo mjadala wao wote ni lipi litaamsha AC, na wengi wanaunganisha majenereta mawili ya wati 2000 kwa ajili ya hilo tu. Trela lako lina AC? Sidhani.

Watu watakwambia weka transfoma ya kupandisha. Transfoma inapandisha volti, hezi haigusi. Chaja ya simu na laptop hazijali, ukisoma kibandiko chake utaona zimeandikwa 100 mpaka 240, 50/60, lakini friji lako la kibongo lenye mota ya hezi 50 litazungushwa haraka kuliko lilivyozaliwa, na transfoma ya wati 2000 yenyewe ni chuma kizito hujui utakipakia wapi. Kuna mengine yana swichi ya 120 na 240, hayo nayo hezi bado ni 60.

Kama kaka anataka kweli kukusaidia, amuache muuzaji wa huko, atume hela, ununue hapa la volti 230 lenye soketi ya pini tatu za mraba kama za ukutani kwako. Na sheria ya kusafirisha: jenereta likishawahi kuwekwa mafuta hata mara moja, mashirika mengi ya ndege hayalipokei kwenye mizigo ya abiria, kwahiyo asikudanganye mtu atakuletea kwenye begi.

SWALI: Shikamoo fundi. Kikundi chetu cha akina mama tunakwenda kulala kwenye mahema siku mbili mwezi wa sita, hema kubwa lina kibaraza cha turubai mbele. Nimeogopa jenereta kuibwa na umande, nikasema nitaliweka hapo kibarazani usiku, mlango wa hema tunafunga kwa sababu ya baridi. Kuna ubaya? *Katibu wa kikundi, Nzuguni.*

JIBU: Marahaba dada, na asante kwa kuuliza kabla ya kwenda. Usifanye hivyo kabisa.

Moshi wa jenereta una hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, ule moshi unaousikia ukinuka ni mwingine. Ukiivuta, damu inaing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwahiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Kambini mtu anadhani ni uchovu wa safari au mvinyo wa zabibu wa jioni, analala, haamki. Na kibaraza cha turubai ni mtego kuliko hata nje wazi kwa sababu kinaikusanya na kuisukuma ndani kupitia chini ya mlango.

Jenereta likae mita 6 au zaidi kutoka kwenye hema au gari lolote wanalolala watu, ekzosi iangalie upande ambao upepo unakwenda sio unakotoka. Na upepo unaweza kubadilika, jioni ukiangalia ulikuwa huku usiku uko kule, kwahiyo mi kanuni yangu ni rahisi, wakati wa kulala jenereta linazimwa. Simu zimejaa, friji likifungwa vizuri linakaa na ubaridi mpaka asubuhi, taa mnatumia za betri. Likishazimwa na kupoa mlifunge kwa mnyororo kwenye mti au kwenye gari, habari ya wizi imeisha. Umande haulidhuru sana likiwa limezimwa na limefunikwa turubai, lakini likiwa linawaka lisiloweshwe na lisifunikwe. Kama kuna manyunyu weka bati juu kwenye nguzo nne, pande zote wazi, chini weka tofali mbili.

Kwa umbali huo mtahitaji ekstensheni ndefu. Nunua ya waya mnene, wa milimita za mraba 1.5 kwa mita kumi na kitu, 2.5 ikizidi hapo, na kama ni ile ya kuzungushia kwenye gurudumu ifungue yote, ikibaki imezungushwa inapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Kuongeza mafuta zima kwanza, subiri lipoe, najua mna haraka, subirini tu.

Na jambo ambalo hujaniuliza ila naliogopa zaidi ya jenereta, lile jiko la mkaa la kupashia hema joto. Hewa ni hiyohiyo. Usiku wa Juni hapa unauma lakini ongezeni blanketi. Mkiona wawili watatu ndani ya hema wote vichwa vinauma kwa pamoja, msitafute panadol, tokeni nje wote muda huohuo na muende hospitali.

SWALI: Mi ni mwanafunzi UDOM, tunapanda milima na kulala usiku mmoja mmoja. Tunachaji simu, spika na taa. Tuchangishane tununue kale kajenereta kadogo ka tu-stroki? *Wanachuo watano.*

JIBU: Hapana vijana. Vile vya kuchanganya petroli na oili ni rahisi kununua lakini vina kelele, moshi, na mkikosea kuchanganya mnaua injini, alafu mtabeba chuma na dumu la petroli mlimani kwa ajili ya simu tano?

Changeni mnunue betri ya kubebeka, zile boksi zenye soketi ndani. Angalia wati-saa, yaani umeme uliohifadhiwa ndani, sio wati tu, na ukipata ya lithiamu ya fosfeti chukua hiyo, inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Ya wati-saa 300 inachaji simu zenu wote zaidi ya mara moja, spika na taa usiku kucha, na bado mnabaki nayo. Mkiwa na safari ya siku nyingi ongezeni paneli ya sola. Jua la hapa bure kabisa, paneli ya wati 100 mkiiweka sawa na jua kali la masaa matano mnavuna wati-saa 400 hivi baada ya upotevu. Mmoja wenu awe na kazi ya kuigeuza, isipogeuzwa ni ubao tu.

Msichomeke inveta kubwa, kile kiboksi cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwenye tundu la sigara la gari la mtu aliyewapa lifti. Fyuzi yake mara nyingi ni ampea 10 au 15, kwa volti 12 ni wati 120 mpaka 180, mkizidisha inakatika na mtaambiwa mmeharibu gari.

SWALI: Kijana, mimi ni mstaafu, nina pikapu nimeijengea kibanda cha kulala nyuma. Jenereta langu lilikuwa zima Krismasi, juzi nimelivuta kamba mpaka bega limeuma haliwaki. Nataka kununua jingine, hili nimelichoka. *Mzee wa Kondoa.*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kabla hujatoa hela, jaribu hili kwanza. Petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta inakauka inabaki utomvu kama asali, tundu dogo la mafuta linaziba. Mwaga petroli yote ya zamani, fundi afungue kabureta aisafishe kwa dawa ya kupuliza na apitishe kasindano kembamba kwenye jeti, weka petroli mpya, badilisha plagi kama imekuwa nyeusi. Mara nyingi linawaka palepale. Angalia na oili, mengi yana kisensa kinacholizuia kuwaka oili ikipungua, mtu anavuta kamba siku nzima kumbe oili tu.

Siku nyingine ukirudi safari, funga koki ya mafuta liache liwake mpaka lizime lenyewe, hapo kabureta imebaki kavu. Oili badilisha baada ya masaa 20 ya kwanza likiwa jipya, kisha kila masaa 100, oili ya 10W-30 inatosha. Na kwa vumbi la njia za Kondoa lile sponji la chujio la hewa lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila ukirudi, likauke, litie tone la oili ulikamue vizuri. Usilioshe kwa petroli, linaoza.

Kama bado unataka jipya kwa sababu ya bega, tafuta la kuwasha kwa kubonyeza. Linakuwa zito kidogo kwa sababu ya betri, ila hakikisha lina kamba pia pembeni, maana betri za hizo stata zikikaa bila kuchajiwa zinakufa, na itakuwa siku hiyohiyo uko mbali na mjini. Chukua na lenye koki ya mafuta inayofungwa kwa mkono, kuna mengine swichi ya kuzimia inakata umeme wa plagi tu, mafuta yanabaki ndani na mwakani tutarudi kwenye asali ileile.